Baba yangu anapendwa Runzewe nzima, kumbe Didia kuna watu wanamdai madume yao

Wakuu, salaam. Mlio shambani poleni na jembe, mlio mjini poleni na kila kitu.

Ninachoandika kimetokea kwenye familia yangu. Majina ya watu nimebadilisha. Ng'ombe sijawabadilisha.

Nina duka la spea za pikipiki hapa Runzewe, kwa hiyo nikikatika katikati mjue kuna mteja.

Nianze na mzee wangu. Tumuite Mzee Bundala.

Huyu mzee Runzewe wanamuita Msamaria. Akifa mtu, yeye wa kwanza kushika sepetu makaburini. Mjane paa likivuja, yeye yuko juu anagonga misumari. Enzi anachimba dhahabu, kifusi kilifunika wenzake kwenye duara, lile shimo la machimbo, watu wakakimbia, yeye akarudi ndani akawatoa. Kanisani ni mzee wa kanisa, na msikitini pia wanamkaribisha futari kuliko waumini wengine.

Raha kuwa na baba wa hivyo, eeh? Ngoja niwaambie upande wa pili.

Nikiwa darasa la tano alitoa viatu vyangu vya shule akampa mtoto wa jirani, kwa sababu "wewe miguu yako imeshazoea". Godoro langu liliondoka nikiwa nimekwenda kuchota maji. Mama alikuwa anaficha sufuria kama watu wanavyoficha bangi. Yaani wema wote wa mzee kuna mtu aliugharamia, na mara nyingi mtu huyo alikuwa mimi.

Nilidhani ndivyo alivyozaliwa.

Sasa nikapata mchumba. Minza, muuguzi, anafanya kazi Kahama. Binti mtulivu lakini akisema neno limekwisha. Tukapendana, tukapima afya kama kanisa linavyotaka, nikaenda kumwambia mzee kwamba nataka akanitambulishe ukweni.

"Wapi?" akauliza.

"Didia."

Mzee akaweka kikombe chini. "Ukoo gani?"

"Kwa Mzee Nkwabi."

Akasema mgongo unamuuma.

Wakuu, mgongo ule uliuma miezi. Kila tukipanga safari, mgongo. Akiitwa kuchimba kaburi, mgongo unapona. Mwishowe mshenga wetu, mtu wa maneno mengi na suti moja, akamwambia wazi: bila baba mzazi hakuna mazungumzo, Wasukuma wa kule hawaongei na mshenga peke yake kama wanauziwa sabuni.

Basi tukaenda. Mzee alivaa kofia akaishusha mpaka kwenye nyusi. Tulipofika alikaa nyuma ya mshenga, akasalimia kwa kutikisa kichwa tu. Mimi nikadhani ni adabu.

Mzee Nkwabi ni mrefu, mkavu, anaongea taratibu. Alitupokea vizuri, maziwa yakaja. Mshenga akasimama, akatamba kidogo, halafu akaharibu kila kitu. Akasema, "Kabla hatujaanza, namuomba baba yetu, mtumishi wa Mungu, atufungulie kwa sala."

Mzee hakuwa na pa kukimbilia. Akavua kofia, akaanza kuomba.

Mimi huwa sifumbi macho sana kwenye sala. Nikamuona Mzee Nkwabi amefumbua yake. Anaisikiliza ile sauti, kichwa amekiinamisha upande mmoja, kama fundi anayesikiliza injini.

"Amina," tukasema.

"Amina," Mzee Nkwabi akasema. "Bwana mifugo, majibu ya vipimo yametoka?"



Mshenga wetu, Mungu amsaidie, akajibu kwa furaha, "Vipimo vyote tumefanya mzee. Vijana wako salama kabisa."

"Sikuulizi wewe," Mzee Nkwabi akasema. "Namuuliza huyu. Dume langu alilichukua kwenda kulipima Shinyanga mjini. Nangojea majibu tangu huyu binti hajazaliwa."

Nikamtazama baba yangu. Akawa anatazama miguu yake.

"Ni mimi," akasema.

Ikabidi stori yote itoke pale pale, mbele ya maziwa.

Kumbe mzee wangu ujanani alikuwa tapeli. Si mdogo. Alifika Didia amevaa koti jeupe na gambuti, ana sanduku na bomba la sindano, akajitambulisha kuwa bwana mifugo wa serikali. Akachanja ng'ombe wa kijiji kwa maji ya chumvi. Halafu akatangaza kuna ugonjwa mbaya unanyemelea madume, lazima yaliyo bora yapelekwe mjini yakapimwe damu. Watu wakatoa madume yao. Akayaswaga mpaka Isaka, akauza kwa wenye malori, akapotelea machimboni Geita.

"Nitakulipa dume, mzee," baba akasema. "Nitawalipa wote."

"Dume ungeliacha lingeshakufa siku nyingi," Mzee Nkwabi akajibu. "Ng'ombe haishi miaka hiyo. Nisikilize. Wewe ulilala kwangu. Ulikula kwangu. Mimi ndiye niliyekupitisha nyumba kwa nyumba nikiwaambia watu, toeni, huyu namjua. Nilikuwa kamanda wa sungusungu, walinzi wa kijiji, nikisema wanaamini. Ulipoondoka, unafikiri walimkamata nani?"

Akasogeza kikombe chake cha maziwa pembeni.

"Walisema tuligawana. Ukamanda wakaninyang'anya. Mke wangu akifika kisimani, wenzake wananyamaza. Mpaka leo nikinunua hata ndama, kuna mtu anauliza umemtoa wapi. Nenda nyumbani, bwana mifugo. Binti sina."

Tukarudi.

 Karibu na Kahama tukakuta gari la watu limezama kwenye matope, na mzee huyo, anafungua mlango akasukume.

Nikamwambia, "Baba, leo naomba usimsaidie mtu."

Akashuka akasukuma. Nilibaki ndani ya gari nimenuna kama mtoto. Nilikuwa na hasira ambayo sijui niielezeje. Si kwa sababu aliiba tu. Ni kwa sababu sasa nilielewa viatu vyangu vilikwenda wapi. Nilikuwa nalipa madume ya Didia bila kuambiwa.

(Mteja kaja, alitaka plagi. Naendelea.)

Habari ikavuja kanisani. Mnajua kanisa. Badala ya kumtenga mzee, watu wake wakakasirika kwa niaba yake. Wakasema haiwezekani mtu kama Msamaria ahukumiwe kwa mambo ya ujana. Wakakodi Fuso.

Wakuu, Fuso nzima ya mashahidi. Wajane, vijana wa machimboni, mchungaji, kwaya nusu. Mzee alikataa katakata, wakampandisha mbele kwa dereva kama mgonjwa. Mimi nilikuwa nyuma, nimekaa juu ya tairi la akiba, na mjane mmoja ananisimulia tena jinsi paa lake lisivyovuja.

Tukaingia Didia na kwaya inaimba. Watoto wakajua ni kampeni za uchaguzi, wakaanza kuomba fulana.

Mzee Nkwabi hakutufukuza. Aliweka viti vilivyokuwepo, wengine wakakaa chini, akasema haya, semeni.

Wakasema. Jamaa mmoja aliyetolewa kwenye kifusi akavua shati aonyeshe kovu. Mjane wa paa akasimulia paa. Mchungaji akaanza na Agano la Kale. Jua likasogea kabisa. Mzee Nkwabi alisikiliza kila mmoja mpaka mwisho, akaagiza watu wapikiwe michembe, vile viazi vitamu vikavu, maana hakuna Msukuma atakayekuacha uondoke na njaa hata kama umekuja kumkera.

Watu walipokwisha kula akasema, "Nimewasikia. Wabeja, asanteni. Naamini kila neno, huyu ni mtu mwema. Lakini naomba mwenye mkono aunyooshe. Nani hapa ametoka Didia?"

Hakuna mkono.

"Basi wema wake uko Runzewe. Huku kwetu alichofanya ni kuondoka na madume. Mmepanda gari mkaja kuniambia mlivyofaidi."



Hapo ndipo mzee wangu akasimama. Hakuwa analia wala nini. Akauliza swali ambalo nadhani hakuwahi kuliuliza maisha yake yote, yeye aliyezoea kuamua mwenyewe nani apewe nini.

"Mzee Nkwabi, wewe unataka nifanye nini?"

"Ulipita nyumba kwa nyumba. Pita tena. Waambie mimi sikujua."

"Nitapita."

"Lile koti unalo?"

"Hapana. Nalo nililiiba."

Mzee Nkwabi akatikisa kichwa. "Pita hivyo hivyo."

Watu wa Fuso wakabaki pale, msafara ukaanza. Baba mbele, mimi na Minza, aliyekuwa kwao siku hiyo, nyuma yake, Mzee Nkwabi nyuma kabisa na fimbo yake, anasikiliza.

Nyumba ya kwanza mwenyewe alishafariki. Mwanawe akasikiliza, akashika kiuno. "Kumbe ndiyo sababu baba alikuwa hataki hata kuku wachanjwe. Tumezika kuku hapa, mzee, wewe hujui." Akatupa mkono, yakaisha.

Nyumba ya pili ni ya Bibi Holo, masikio yamechoka. Baba akapiga magoti, "Mwadila mayu. Mimi ndiye yule bwana mifugo."

Bibi akafurahi. "Umechelewa lakini umekuja," akasema, akaagiza mbuzi aletwe.

"Mayu, mimi si bwana mifugo. Mimi ni mwizi. Nilimdanganya Mzee Nkwabi, hakujua lolote."

"Mwizi au si mwizi, huyu mbuzi hajapata choo tangu juzi."

Ikabidi baba amshike yule mbuzi tumbo. Alimkanda pale mpaka jasho likamtoka, bibi anamwelekeza, na mimi nikaona mabega ya Mzee Nkwabi yanatikisika kule nyuma. Alikuwa anacheka na hataki tumuone.

Lakini si kote tulicheka.

Kuna mama mmoja ambaye mume wake, baada ya dume kuondoka, aliuza shamba akaenda kutafuta maisha, hakurudi. Alimsikiliza baba mpaka mwisho, akaingia ndani akafunga mlango. Baba akabaki amesimama nje. Akasimama muda mrefu. Nikamgusa bega twende, akasema, "Acha nisimame kidogo." Mlango haukufunguliwa. Mpaka leo haujafunguliwa, na mimi simlaumu yule mama.

Tukamalizia kwa Mzee Luhende. Huyu ndiye aliyepewa ukamanda baada ya Mzee Nkwabi kunyang'anywa. Alishajua tunakuja, amekaa nje, kikundi cha wazee kimemzunguka.

Baba akasema yake. Mzee Luhende akasikiliza huku anajichokonoa meno.

"Mmepanga," akasema.

"Nani kapanga?"

"Nyie wawili. Mnaozeshana. Mwizi na mwizi mwenzake wanaunganisha ukoo, halafu mnakuja kusafishana mbele yetu."

Mzee Nkwabi, aliyekuwa hajaongea njia nzima, akapita mbele akasimama bega kwa bega na baba yangu. "Huyu ni mwizi," akasema, "lakini si mwizi mwenzangu."

Baba akasema, "Kama ndoa ndiyo inafanya nisiaminike, basi mwanangu asioe hapa. Naivunja leo."

 Nikajua ndiyo hii, wakuu. Viatu, godoro, na sasa mke.

Nikasema, "Baba, safari hii huvitoi vitu vyangu."

Nilisema kwa sauti kuliko nilivyotaka. Wazee wote wakanigeukia. Minza akanishika mkono akamsalimia Mzee Luhende vizuri kabisa, "Shikamoo babu."

"Marahaba."

"Mimi na Shija huyu tutafunga ndoa bomani. Wakipatana tutafunga, wasipopatana tutafunga. Kwa hiyo huyu mzee hana anachopata kwa kuja hapa, zaidi ya aibu. Sasa mwenye kumwamini amwamini."

Mzee Luhende akatoa kijiti mdomoni. Akamtazama Minza, akamtazama Mzee Nkwabi. "Huyu binti umemlisha nini?"

"Michembe," Mzee Nkwabi akajibu.

Wazee wakaguna, mmoja akacheka, na Mzee Luhende akasema, "Nimesikia." Hakuomba radhi. Alisema tu amesikia. Tukaondoka.

Mzee Nkwabi alikubali, ndoa ikafungwa kanisani, bomani hatukufika. Madume baba anayarudisha, moja moja kadiri anavyopata, na safari hii ni kutoka kwenye zizi lake, si langu. Nyumbani tulikaa naye tukasema, na mambo ya viatu tukayasema. Alinisikiliza bila kutaja Biblia.

Mzee Nkwabi hajawahi kumwambia "nimekusamehe". Baba akienda kumtembelea anapewa ugali na maziwa, wanaongea mpaka jioni, ila geti la zizi linafungwa kwanza.

Wiki iliyopita mama mkwe kanipigia simu anacheka na kulia. Kwetu ukiuza ng'ombe lazima uwe na shahidi, mtu ambaye jina lake likitajwa mnunuzi anatulia. Jirani mmoja anauza maksai wake, akaja kumuomba Mzee Nkwabi akamsimamie. Tangu dume liondoke hakuna aliyewahi kumuomba.

Mzee Nkwabi hakumwambia mtu. Aliamka mapema, akaoga, akavaa koti la harusi ya binti yake, akakaa nje anangoja huyo jirani. Mnada ulikuwa kesho yake.

Mama mkwe anasema aliogopa kumwambia amekosea siku. Akamletea uji, akamuacha akae.

Basi wakuu, nilichojifunza: wema haupotei, lakini uliyemkosea Didia hashibi kwa chakula unachogawa Runzewe. Nenda ukamuulize mwenyewe anataka nini, na jiandae anaweza kukufungia mlango.

Wenye uzoefu na mambo haya niambieni, hasa yule mama wa mlango: baba aendelee kwenda, au amuache mtu wa watu apumzike? Matusi mnaweza kuweka, ila mzee wangu msimuite bwana mifugo. Hilo jina ameshaanza kuliitikia.