Mkoba Uliorudishwa Mara Tatu

Saa mbili asubuhi, katika chumba cha nyuma ya duka la fundi cherehani, mwanamke mwenye vumbi la chaki mikononi anafuta ubao ambao tayari ni safi. Anaufuta tena. Wanafunzi wake wanamwita Ticha, na leo Ticha hana raha hata chembe.

Mbele yake, kwenye benchi, wamekaa wawili: dobi wa hoteli anayeitwa Mama Pacha, na mlinzi wa geti la hoteli hiyohiyo, ambaye wenzake humwita Kamanda. Wa tatu, mtunza bustani, hajaja. Tangu juzi amezima simu.

"Amejificha kwa aibu," anasema Ticha. "Na aibu hiyo nimemtia mimi."

Kwa miaka sita amekuwa akiwafundisha Kiingereza watu wazima wanaotamani kazi za ofisini. Ada ya wiki haizidi bei ya vipande viwili vya sabuni, na wapo wanaolipa kipande kimoja kisha wakasifu somo sana. Somo linalopendwa zaidi ni lile la kutoa mifano, kwa kuwa kwenye usaili ndipo wengi wanapokwama: "Tupe mfano wa siku uliyofanya jambo la uaminifu."

Huwafundisha maneno yanayokwenda pamoja kama kikombe na kisahani chake. "Let me give you an example", ndivyo unavyoanza unapotaka kutoa mfano. "A good example is", unapoutaja ulio mzuri. "Set an example", unapokuwa wewe ndiye wa kuigwa. Wanafunzi huyaimba mpaka fundi cherehani naye ameyashika.

Lakini maneno matupu hayakai kichwani. Ticha akawapa kisa chake mwenyewe: zamani alipokuwa muuza duka, mteja alisahau mkoba wenye dawa za mtoto, naye akamkimbilia hadi kituo cha basi, akamrudishia. Alikiweka katika Kiingereza chepesi, wakakirudia mpaka kikawakaa.

Kisha hoteli ikatangaza nafasi mbili za mapokezi kwa wafanyakazi wake. Wiki iliyopita mtunza bustani akaingia kwenye usaili, akarudisha mkoba. Akaingia Mama Pacha, akarudisha mkoba. Kamanda alipofika kituo cha basi na dawa za mtoto mkononi, afisa utumishi akaweka kalamu chini.

"Nilidhani amefurahi," anasema Kamanda. "Kumbe kimenuka."

Leo mchana wameitwa tena. Afisa amewaambia waziwazi kwamba atakayebainika kudanganya atapoteza hata kazi aliyo nayo, maana hoteli haimwachii mwongo funguo za wageni. Mama Pacha analea mapacha wake peke yake kwa mshahara huohuo wa kufua.

"Hawakukusudia kudanganya," anasema Ticha. "Walidhani kile kisa ni sehemu ya sentensi."

Anamgeukia dobi. "Haya, dada yangu. Tupe mfano wako wewe."

"Mimi sina mfano, Ticha. Mimi nafua tu."

"Hata mmoja?"

Mama Pacha anatazama sakafu. "Labda lile la shati. Lakini lile si ni kosa?"

Aliunguza shati la mgeni kwa pasi, na hakuna aliyemwona. Angeweza kulikunja akalitia chini ya mengine, lawama ikamwangukia mwenzake wa zamu ya jioni. Badala yake alipanda ngazi, akagonga mlango, akamwonyesha mwenyewe. Mgeni alifoka mpaka korido nzima ikasikia, na mshahara wa Mama Pacha ukakatwa.

"Sasa watu wananitafutia kosa, mimi niwapelekee jingine? Si nitakuwa najipalia makaa?"

Ticha anaweka chini kifutio cha ubao. Ushauri wake wa mwisho ndio uliowafikisha hapa, na hilo linamuuma.

"Ningekuwa mimi ningelisema," anasema. "Lakini kibarua kitakachoota nyasi si changu. Amua wewe, mama."

Mchana wako kwenye benchi nje ya ofisi ya hoteli. Ticha amekuja nao ingawa hakualikwa. Mama Pacha yuko ndani. Kamanda anafunga kifungo cha shati, anakifungua, anakifunga.

Ticha anasema hatawapa tena wanafunzi kisa chake. Kila mmoja atasimulia kwanza la kwake, kwa Kiswahili, ndipo Kiingereza kifuate.

"Kama nitapata wanafunzi baada ya leo," anaongeza.

Mlango unafunguka. Mama Pacha anatoka, macho mekundu.

"Nimekiri mkoba ulikuwa wa somoni, nikasema la shati. Akaniuliza na hicho kisa nani kanifundisha," ananong'ona. "Nikamwambia hakuna. Shati nililiunguza mwenyewe."

"Akasemaje?"

"Akauliza nikiunguza jingine nitafanya nini. Nikamwambia nitapanda tena ngazi. Kasema kufua niendelee, la mapokezi atanijibu."

Ticha anashusha pumzi. Lakini Kamanda tayari amesimama.

"Ticha, basi na mimi niseme la shati?"

"Thubutu!"

"Sasa nisemeje? Nipe mfano mmoja tu, hata mfupi."

Kamanda anaitwa kutoka ndani. Ticha anamnyooshea kola.

"Sina, kaka yangu," anasema. "Aliyekaa getini miaka yote hii ni wewe, mimi sikuwepo. Ingia."