Mlinzi Niliyemwamuru Aandike Tu

Niliisikia sentensi ya mwalimu kabla sijamwona yeyote. "Ananiita mama mkubwa, nami naitika." Ilisomwa kwa sauti chini ya dirisha letu pale Lindi, kwenye kijiwe cha bodaboda, kikafuata kicheko.

"Kumbe mwalimu naye," alisema mwingine. "Hebu rudia hapo pa kuitika."

Niliijua. Ilikuwa ya mwalimu mstaafu wa Pande, mkubwa kuliko sote katika kikundi chetu cha waandishi. Aliandika kwamba binti anayelelewa na mdogo wake, yeye ndiye aliyemzaa. Kabla hadithi haijatolewa, alitaka kumwambia binti kwanza, kwa mdomo wake mwenyewe. Mswada ulikaa kwenye kompyuta ya kikundi, hiyohiyo iliyoendesha tovuti yetu, na mtunzaji nilikuwa mimi.

"Na ukikosea wewe?" aliniuliza siku anaukabidhi.

Nilijigamba. Kila programu ina mipaka yake, nilimwambia. Ya tovuti inagusa hadithi zilizokwisha kutolewa tu. Hata nikiacha faili wazi, ndani ya mfumo kuna programu nyingine, mlinzi, asiyejali ruhusa ya mwenye faili. "Nikikosea, mwalimu, mashine itakataa."

Kisha nikatoa hadithi yangu. Picha zake hazikuonekana. Nilikuwa nimezihamisha badala ya kuzinakili, zikaja na alama ya folda zilikotoka, ambayo programu ya tovuti haikuruhusiwa kuigusa, mlinzi akazizuia kama ilivyompasa. Kurekebisha alama ni amri moja, lakini nilikuwa na haraka ya kusifiwa. Nikamwamuru mlinzi aandike tu anachokiona, asizuie kitu. Dakika tano, nilijiambia. Picha zikatokea, sifa zikaja, nikashinda wiki nzima nikizisoma, mlinzi nimemsahau. Wiki hiyohiyo programu ya tovuti, ikikusanya hadithi za kutafutwa na wasomaji, ilipita kila folda niliyoiacha wazi, ikaiweka miswada yetu mbele ya yeyote mwenye simu.

Nilikuwa bado dirishani mwalimu alipoingia, baibui limeshika vumbi la safari.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba." Hakukaa. "Binti amenipigia asubuhi. Hakuniita mama mkubwa. Hakuniita kitu." Akaitazama kompyuta. "Uliniambia itakataa."

Ningeweza kusema mashine iliharibika. Asingejua. Nilifungua kumbukumbu za mlinzi nikamsomea. Alikuwa ameandika yote, mstari kwa mstari: programu ya tovuti, folda ya mwalimu, hairuhusiwi, imepita.

"Kwa hiyo mlinzi wako aliona."

"Aliona. Mimi ndiye niliyemkataza kuzuia. Kwa ajili ya picha za hadithi yangu."

"Zilitoka vizuri?"

Niliandika amri ya kumrudisha mlinzi kazini, mbele ya macho yake, na ikaisha kabla sijavuta pumzi.

"Ni hivyo tu?" alisema.

"Ni hivyo tu, mwalimu."

Alichukua nakala yake ya karatasi rafuni, akaikunja ndani ya baibui, akatoka. Mlango akaurudishia taratibu. Halafu, kutoka nje, akausukuma tena kuhakikisha umefungika.