Kitambaa cha Shangazi Milembe

Hivi karibuni mteja mmoja aliniletea kompyuta kuukuu anayotumia kuchomea CD za mahubiri. Alikuwa ameifunika kitambaa cha kufuma. Nilipokiinua tu, ikanijia harufu ambayo sikuwa nimeisikia tangu utotoni: plastiki iliyopata moto, vumbi lililokaukia ndani, na uzi wa pamba unaokaribia kuungua. Akaanza kunieleza kwamba mashine inazubaa kila anapochoma. Nilimpa jibu kabla hajamaliza.

Jibu lile sikulitoa chuoni. Chuo nimesoma, tena nje ya nchi. Nimeosha vyombo vya watu ili nijilipie ada, na diploma yangu nimeitundika mahali ambapo kila anayeingia lazima aione. Ofisi nyingi za Nyamagana, kompyuta zao zikikwama, huniita mimi. Lakini ugonjwa ule niliufahamu nikiwa darasa la tano, na dawa yake niliiona kwa macho yangu bila kuielewa.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Kiwanda cha nguo alichofanyia kazi baba kilikuwa kimeuzwa, na yeye akawa miongoni mwa waliopunguzwa. Soko lilikuwa limefunguliwa, mitumba ya kila kitu inaingia, kuanzia suruali mpaka kompyuta. Wenzake walichukua kiinua mgongo wakanunua nyavu za sangara. Baba alinunua kompyuta yenye kifaa cha kuchomea CD, akaiweka sebuleni kwetu Igogo, mtaa uliojengwa juu kwenye mawe, akatundika kibao: kwaya zote zilizokuwa kwenye kanda atazihamishia kwenye CD. Mtaa mzima ulikuja kuitazama. Nami nilitembea shuleni kama mtoto wa waziri.

Kwetu kitu cha thamani hakiachwi uchi. Redio ilikuwa na kitambaa chake, kabati nalo chake, hata chupa ya chai. Shangazi Milembe, dada mkubwa wa baba aliyekuja kutulea baada ya mama kufariki, aliifumia kompyuta kitambaa kizuri kuliko vyote, cheupe, chenye maua mekundu pembeni, kikishuka mpaka sakafuni. Kilikuwa pia ngao dhidi ya wale wadudu wanaopanda kutoka ziwani kama moshi na kujazana kwenye taa. Baba akitaka kufanya kazi, shangazi alikikunja upande wa mbele kama pazia, uso wa mashine ukabaki nje. Mgongo uliendelea kufunikwa.

Kisha bibi akaja kutoka Nansio, kule kisiwani. Ndiye aliyemzaa mama, na ndiye aliyenilea mpaka nilipofikia umri wa shule. Alikuja kutibiwa macho. Miaka ya kukausha samaki juu ya moshi ilikuwa imeyafanya mekundu, yanatoa machozi hata akicheka. Tulilala kitanda kimoja, na kanga zake zilinukia moshi ule. Nilikuwa sijapata usingizi mzuri kama ule tangu nihamie mjini.

Baba na bibi hawakuongea. Usidhani walikuwa na ugomvi. Ilikuwa heshima ya mkwe. Hawakukaa chumba kimoja wala kutazamana, na maneno yao yalipita kwangu. Asubuhi baba alisimama upande huu wa pazia la mlango wa chumba chetu akasema, "Kabula, mwambie bibi yako shikamoo." Bibi, aliyekuwa amesikia kila kitu, akasema, "Mwambie baba yako marahaba." Nami nilipeleka salamu zile kwa uaminifu, nikivuka pazia huku na huku, nikijiona tarishi wa serikali.

Kiangazi kile kikapamba moto, na kompyuta ikaanza kuugua. Baba alipochoma CD, mstari wa kuonyesha kazi ulitambaa, ukasita, ukasimama. Kishale kwenye kioo kilijikokota kama mguu kwenye tope. Mwishowe kisahani kilitoka kimeharibika, nami nikakitundika kwenye mpapai, ambao tayari uling'aa kuliko mti wa Krismasi. Baba alifuta michezo ya karata, akazima picha za samaki zilizoogelea kwenye kioo, akabadilisha soketi, akatukataza kupita karibu. Kwaya ya kigangoni ilikuwa inangoja CD zake za uzinduzi, na jina lake lote alikuwa ameliweka hapo.

Shangazi alianza kwa kuguna bibi akipita sebuleni. Halafu siku moja, wakati wa chakula, akasema kwa sauti ya kufika upande wa pili wa pazia, "Mdogo wangu, mashine ilikuwa nzima. Tangu yale macho yaanze kuitazama, imewahi kutoa kitu?"

Kwetu kila mtu alijua maana ya kumtaja mwanamke mzee na macho mekundu katika sentensi moja. Baba pia alijua. Aliendelea kula.

Kesho yake akaniita. "Mwambie bibi yako arudi nyumbani kwanza, mpaka mashine itengemae. Matibabu yatafuata."

Nilivuka pazia. Bibi alikuwa ameshaanza kufunga kanga zake. Hata hivyo aliniacha niyaseme yote, kama desturi ilivyotaka, kisha akanishika kidevu.

"Mimi hata redio siwezi kuiwasha, mjukuu wangu. Hiyo ningeirogea wapi?" Akacheka, machozi yakamtoka, nami sikujua ni ya nini. "Mwambie baba yako nimesikia."

Meli ilimchukua. Shangazi alikifua kitambaa ili kuondoa mkosi, akakianika. Siku ile, kitambaa kikiwa kambani, CD zote zilitoka safi. "Mmeona?" akasema shangazi. Kilipokauka akakirudisha, na mashine ikazubaa upya. Nilimwona baba akiinuka, akapeleka mkono nyuma ya kompyuta, akauacha pale kwa muda mrefu. Kisha akakiondoa kitambaa, akakikunja, akakiweka kitini. Tangu hapo, kila alipotaka kuchoma CD alingoja shangazi aende sokoni, akakitoa, na kukirudisha kabla hajarejea. Nilidhani ni unadhifu.

Mashine ile ilikuwa inakosa hewa. Kifaa cha kuchomea kikipata joto hukosea, hurudia, na kompyuta nzima husimama kukingoja. Hilo nililithibitisha chuoni. Lakini somo gumu zaidi sikulipata chuoni: baba alikuwa amejua.

Nansio, uvumi wa uchawi ulimtangulia bibi. Watu waliacha kununua samaki wake. Macho hayakutibiwa, mpaka akawa hanioni nikimtembelea. Alifariki nikiwa ughaibuni, nikaambiwa kwa simu.

Shangazi naye ameshatangulia. Baba anaishi kwangu, katika nyumba niliyoijenga kwa mikono yangu, dirisha lake linatazama ziwa. Kitambaa alikuja nacho, amekitandika juu ya televisheni. Jioni ya siku alipokuja yule mteja nilikiinua, nikamuuliza kama alijua.

"Nilijua," akasema. "Ningemwaibishaje dada yangu?"

"Na bibi?"

"Mkwe ningemwambia nini, Kabula? Haongeleshwi."

"Kumfukuza ulinituma mimi, baba. Kumrudisha ungenituma pia."

Akageukia dirishani, akaomba chai. Nilimpelekea. Wakati maji yanachemka nilimkumbuka yule binti wa darasa la tano niliyekuwa mimi, ambaye kila CD zilipotoka safi alivaa viatu na kukaa karibu na pazia, akingoja kuitwa. Alidhani ujumbe umechelewa tu.