Nyumba Isiyo na Nguo

Nyumba tuliyopanga Lodwar ilikuwa ya zamani, mabati matupu juu, bila dari. Kufikia saa saba mchana mishumaa ilikuwa imelala ubavu kwenye rafu kwa joto, na binti yetu wa miaka mitatu alikuwa na mtindo wa kulala sakafuni, shavu kwenye saruji.

Mume wangu, anayefanya kazi Kakuma na kurudi wikendi, siku moja alileta mashine ya kupoza hewa aliyouziwa na mtu wa shirika aliyekuwa akihama. Aliizindua kama mbunge anavyozindua kisima. Baridi ilitoka kweli, ila yote ilipotelea kwenye pengo kati ya ukuta na paa. Tokeni za umeme za mwezi mzima zikaisha kabla ya Jumatano.

"Mwalimu," akaniambia jirani yangu, mama wa Kiturkana anayesuka vikapu, "wewe unapoesha barabara. Hii nyumba haina nguo. Valisha yeye."

Alhamisi akaja na wenzake watatu na punda aliyebeba majani ya mkoma, yale yale anayosukia vikapu. Walipanda paani wakiimba, mimi nikapewa kazi ya kushika ngazi. Wakayatandaza majani tabaka juu ya tabaka, wakayafunga kwa kamba, na pengo la upande wa jua tukaliziba kwa mikeka. Siku ya pili yake binti yangu aliomba shuka mchana.

Jumamosi mume wangu akashuka kwenye basi. Nilimwona dirishani akiipita nyumba yetu, akifika kwa jirani, akisimama akijikuna kichwa.

"Ejok, mama," akamsalimu kwa Kiturkana. "Kwani mwalimu amehama?"

Jirani alicheka mpaka akakaa chini.

Mume wangu aliingia amenuna. "Mama watoto, nimetoka nyumba ya majani kwa babu, nikasoma, nikapata kazi, sasa umenirudisha?"

"Vua viatu kwanza," nikamwambia.

Alivua kimoja. Cha pili kilimshinda. Usingizi ulimkuta kitini, mdomo wazi, saa nane ya mchana.

Tangu hapo mashine huwashwa mgeni akija tu. Jumapili, baada ya kanisa, mume wangu alipanda paani kuongeza majani, na wapita njia walipouliza, akawaeleza kwa sauti jinsi alivyolifikiria jambo hilo kwa muda mrefu. Jirani yangu aliinua macho kutoka kwenye kikapu chake, akanitazama. Nikaenda kumshikia mume wangu ngazi.