Neno Nililomwandikia Mzee Mhina

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, nikitembea na daftari la kijiji kwapani, miguu haitulii. Tulikuwa tumehamia kijiji kipya cha ujamaa upande wa Kwaluguru, na maji yalikuwa mbali mno. Mimi, binti wa Kwamndolwa niliyeolewa huku Handeni, ndiye niliyekuwa karani kwa sababu nilimaliza darasa la saba. Kila jambo nilitaka liishe kabla halijaanza.

Mwenyekiti aliniagiza niandike kazi ya kila mtu, ili tujue nani asimamie uchimbaji wa kisima. Kijana mmoja, Rajabu, alikuwa amerudi kutoka kozi ya maji ya miezi michache Korogwe, nikamwandika "mtaalamu". Siku hizo neno hilo lilikuwa geni kwetu, na ukilitamka unajiona mtu. Kisha nikafika kwa Mzee Mhina, aliyechimba visima tangu ujana wake.

"Shikamoo mzee. Una cheti?"

"Marahaba, mwanangu. Cheti sina. Niandike fundi wa visima."

Nikamtazama miguu yake iliyopasuka, nikaandika "kibarua". Hakujua kusoma. Niliondoka haraka, nisimwangalie usoni.

Rajabu alipochagua mahali pa kuchimba, Mzee Mhina alikuja, akausugua udongo kiganjani. "Chini hapa ni mchanga mtupu," alisema. "Msichimbe bila kuzuia ukuta kwa miti."

Rajabu akanigeukia. "Huyu ni nani kwenye daftari?"

Nami, mbele ya watu wote, nikasoma, "Kibarua."

Watu wakacheka. Mzee akarudi shambani kwake.

Siku ya nne ukuta ukaporomoka. Aliyekuwa chini ni mume wangu, Hamisi, na udongo ulimfukia mpaka kifuani. Watu walijazana ukingoni, udongo ukazidi kumwagika. Rajabu alisimama hajui aanzie wapi. Mimi nilikimbia mbio hadi kwa Mzee Mhina, na nilipofika nikaelekeza mkono kisimani. Aliniona tu, akatupa jembe.

"Rudini nyuma wote!" aliamuru. Alishuka kwa kamba, akakaza miti ukutani, kisha akaanza kutoa udongo kwa karai, taratibu, huku akimsemesha Hamisi kwa Kizigua kama vile wamekaa barazani. Mimi nilizunguka, nikakaa, nikainuka, nikazunguka tena. Alasiri ndipo walipotoka. Mguu mmoja wa mume wangu haukunyooka tena maisha yake yote, lakini alikuwa hai.

Nikapiga magoti. "Nisamehe, mzee. Sasa hivi nakuandika fundi."

"Ufundi wangu haukutoka kwenye daftari lako," alisema akijipangusa udongo. "Lakini watu walikuwa wanakusikiliza wewe."

Kisima tulikipata baadaye. Mzee alisimamia, na Rajabu, nampa sifa yake, ndiye aliyeomba kuwa mwanafunzi wake.

Mwanangu, leo mna majina mengi ya wenye ujuzi: mhandisi, bingwa, mshauri, mbobezi. Yatumieni, ni mazuri. Ila kabla hujampa mtu jina la kazi, au hujamnyima, kamwone akiifanya hiyo kazi, na umuulize yeye mwenyewe anajiitaje. Usiwe na haraka kama mimi. Mpaka sasa nikiona karani ameshika kalamu mbele ya mzee, moyo hunienda mbio.

Mungu akujalie jicho la kutambua ujuzi popote ulipo, aibariki mikono yako kwa kazi ya heshima, na akuepushe na neno utakalolijutia hadi uzeeni. Amina.