Aliyekataa, Mbau

Niliondoka Kisangani wakati wa vita, nikiwa mwanafunzi wa sheria. Nilitakiwa kuandika ni mambo gani humsukuma mwanamume hadi abake. Vitabu nilivisoma, watu wenyewe sikuwahi kuongea nao.

Butembo nilipokelewa na Mama Masika, mwalimu mstaafu. Binti yake alishambuliwa na watu wenye silaha, lakini kila wiki mama huyu aliwatembelea wafungwa wa kosa hilohilo.

Asubuhi tulipanda lori la maharagwe kwenda Beni. Kwenye kila kizuizi alishuka yeye kuongea na askari. Mimi nilibaki juu ya magunia, nikiogopa.

Beni, gerezani, nilimsomea mfungwa aitwaye Paluku maswali yangu: utotoni alipigwa? Alikunywa? Marafiki zake walikuwa watu gani? Kila jibu lilifanana na vitabu vyangu. Niliandika haraka, nimefurahi.

“Ni pombe, mama,” Paluku alisema. “Na bale barafiki.”

“Kambale mwenzenu alikunywa na ninyi,” Mama Masika alimjibu kwa upole. “Baba yake alimupigaka vilevile. Juu ya nini yeye alikatala?”

Paluku aliinama. “Sijue, mama. Tulimucheka.”

Kalamu yangu ilisimama. Swali hilo, kwa nini mwingine alikataa, sikuwa nalo.

Kesho yake tulifika Mbau. Kambale, ambaye ushahidi wake ndio uliomfunga Paluku, alikuwa akipalilia mihogo. Alipotuona alitazama barabarani. Wenzake wengine wa siku ile walikuwa bado porini na bunduki, wangeweza kulipiza kisasi.

“Kama haupendi, hapana kusema,” Mama Masika alimwambia. “Tutarudia kwetu.”

Kambale aliweka jembe chini.

“Nilikuwa na woga, mama. Lakini papa akishaka kunipiga, mama yangu ananiambiaka: wewe hauko baba yako. Siku ile nikasikia ile sauti. Nikakimbia kuita batu. Balichelewa.”

Alilia. Mama Masika alimshika mkono. “Ule mwanamuke hakufa. Iko muzima juu yako, juu uliita batu.”

Tukirudi Butembo sikuandika kitu. Nilimtazama mama yule, aliyekuwa na kila sababu ya kuwachukia wanaume wote wale, akisinzia juu ya magunia ndani ya lori.

Nilijifunza kwamba kipigo, pombe na marafiki humsukuma mtu, lakini havimwamulii. Kazi yangu ilipokwisha, sura ndefu kuliko zote ilikuwa ya waliokataa.