Majani Tu

Mama Pasi ni dobi. Ujana wake umeishia nyuma ya meza, akinyoosha mashati ya watu wasiotoka jasho. Joto la pasi alilizoea zamani. Lililomshinda ni hili jipya, lililoanza baada ya saratani, titi lilipokwisha kukatwa na yeye kupewa vidonge vya kuzima homoni ili ugonjwa usiamke. Lilimpanda kifuani ghafla kama maji ya kuchemka, na asubuhi shuka lake lilifaa kukamuliwa.

Alipomweleza daktari, alijibiwa avumilie, ni kawaida. Kawaida, aligundua, ni neno la wasiopatwa.

Wifi yake akaona pengo. Wifi huyu ana dawa ya kila ugonjwa isipokuwa domo lake. Alileta chupa ya mitishamba iliyochemshwa, akasimulia wanawake waliopona, wote wakiishi mbali. Hata vile vidonge akashauri viachwe, maana vina kemikali.

"Na hii ina nini?"

"Majani tu, wifi yangu. Majani yatamdhuru nani?"

Vidonge hakuviacha, lakini chupa aliinywa. Joto likapoa, akalala kama gogo. Kisha kikombe cha mitishamba kikamponyoka juu ya shati jeupe la mteja. Aliloweka, akasugua, akatia jiki, akaanika juani. Doa likamkodolea macho. Majani tu! Na yeye alikuwa akiyamimina tumboni.

Akaibeba chupa hospitali. Daktari aliinusa, akafura. Mitishamba mingine, alisema, hufanya kazi kama homoni ileile wanayoizima, na nani ajuaye humu kimechemshwa nini? Akaendelea kuwasema watu wanaokimbilia waganga.

Mama Pasi alimwacha amalize.

"Nilianza kwako," akasema. "Nikakwambia naungua. Hospitali nzima hii haina dawa ya joto?"

Daktari akakohoa. Ipo. Haina homoni, wala haigombani na vidonge vyake.

"Mbona hukunipa?"

"Hukuuliza, mama."

"Nilidhani kuungua ndiko kuuliza."

Daktari aliandika dawa bila kuinua macho. Mama Pasi akaichukua karatasi, asante akabaki nayo.

Nyumbani alimkuta wifi mlangoni na chupa mpya. Hakugomba. Alimpa ndoo, kipande cha sabuni na lile shati.

"Majani tu, wifi. Fua litakate, ndipo nitakunywa."

Akawasha pasi, akampa mgongo.